Ndevu za Hemingway: Mzee Aliyekuwa Askari wa Wanyama Kajiado, Kisha Akasoma Habari za Kifo Chake Mwenyewe

Kama wewe ni msee wa Kitengela na umeanza kufuga ndevu, ushaambiwa kila kitu. Paka mafuta ya nazi. Sugua kitunguu. Nyoa kila siku ndio zije nzito. Kila mtu mtaani ni daktari wa ndevu, hata wale hawana hata moja kwa kidevu.

Sasa leo tulia nikupee stori ya mzee mmoja ambaye ndevu zake zinajulikana kuliko za wasanii wako wote. Ernest Hemingway. Hata kama hujawahi kufungua kitabu chake, sura unaijua: mzee mlami, ndevu nyeupe zimejaa, sweta nzito imefunika shingo mpaka juu, macho yanaangalia mbali. Picha hiyo ilipigwa na Yousuf Karsh mwaka wa 1957 na haijawahi kuacha kuzunguka. Chenye wasee wengi hawana rada nacho ni kwamba huyo mzee alikaa hapa kwetu Kajiado. Na hakupita tu na gari la watalii akipiga picha za twiga. Alipiga kambi miezi kadhaa, akapewa cheo, karibu adedi, na kutoka hapo hakuwahi kuwa sawa.

Tuanze mwanzo, lakini haraka. Alizaliwa tarehe 21 Julai 1899, Oak Park, Illinois, Marekani. Mbuyu wake alikuwa daktari aliyempeleka kuwinda na kuvua samaki tangu akiwa mtoi. Akiwa hajafika miaka 19 alikuwa Italia akiendesha ambulensi ya Msalaba Mwekundu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na Julai 1918 bomu likamjaza vyuma miguuni. Alipopona akaenda Paris, akaandika, akapata jina. Alioa mara nne. Hiyo ni stori ya siku ingine.

Mara ya kwanza kuja Kenya ilikuwa Desemba 1933. Alishuka Mombasa na mke wake wa pili, Pauline, na bili ya safari ililipwa na anko ya Pauline, dola 25,000, pesa ambayo wakati huo ungenunua nayo manyumba. Mwindaji wao alikuwa Philip Percival, mzungu mwenye shamba upande wa Machakos, si mbali na nyanda hizi zetu. Wakavuka mpaka Tanganyika, Hemingway akashikwa na kuhara damu vibaya sana, akachukuliwa na ndege kutoka Serengeti kupelekwa Nairobi, na njiani akauona Mlima Kilimanjaro. Kutoka kwa ule ugonjwa ndio tulipata ile hadithi yake maarufu ya theluji za Kilimanjaro, ya 1936. Kuna watu hata wakiendesha wanarudi na mali.

Ndevu sasa.

Usidhani alizifuga ndio aonekane mkali. Ngozi ya Hemingway ilikuwa nyepesi, na jua lilikuwa linamchoma. Miaka ya vita, kutoka 1942, alikuwa kwenye boti yake, Pilar, akizunguka bahari ya Kuba kutafuta manowari za Wajerumani. Jua la juu, jua linaloruka kutoka kwa maji, chumvi, upepo. Kunyoa kila asubuhi kwa ngozi kama hiyo ni kujitesa. Akaacha wembe. Alipofika London mwaka wa 1944 kuripoti vita alikuwa na ndevu msitu mzima. Hapo London pia akapata ajali ya gari, kichwa kikapigwa, akashonwa. Weka hicho kichwa kwa akili yako, tutakirudia. Mwaka wa 1949, akiwa Italia, alipata maambukizi makali ya ngozi ya uso, akalazwa Padua na kutibiwa kwa penisilini. Kwa hivyo ukiona zile ndevu ujue kwanza zilikuwa dawa. Fasheni ilikuja baadaye.

Na hapa wacha nikuongeleshe wewe kidogo, juu wengi mnateseka bure. Ndevu ni kweli zinapunguza miale ya jua kufika kwa ngozi, na kwa msee mwenye ualbino hilo si jambo dogo, ingawa kofia na mafuta ya kuzuia jua bado ni lazima. Lakini shida ya wengi wetu si jua. Ni wembe. Nywele zetu zimejikunja, kwa hivyo ukinyoa chini kabisa ile ncha inabaki kali kama sindano, inajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na hapo ndio unapata vile vipele vya shingo na kidevu ambavyo unavikwaruza mpaka vinakuwa makovu meusi. Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa mpaka chini. Acha milimita moja hivi. Mwambie kinyozi asipitishe wembe dhidi ya mwelekeo wa nywele, asivute ngozi, na ile mashine aipanguse na spiriti mbele yako kabla haijagusa uso wako, si baada. Usione haya kumwambia, ni uso wako. Ukiona usaha au mabaka yanaenea, pita kwa zahanati, wacha kubahatisha na krimu za mtumba.

Halafu maji. Maji mengi ya Kitengela ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, na ndevu zinakauka kama nyasi ya Isinya mwezi wa pili. Ongeza vumbi la barabara ya Namanga. Osha mara mbili tatu kwa wiki na sabuni isiyo kali, suuza fiti, paka mafuta kidogo zikiwa bado na unyevu, ukisugua mpaka kwa ngozi. Zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi, si kwa wiki, kwa hivyo punguza presha. Na hii ya kunyoa ndio zije nzito ni uongo mtupu: wembe hauifikii mizizi. Kama umefika miaka 22 na bado ziko viraka viraka, angalia mbuyu na maanko zako. Wengi hujaza wakikaribia 30, wengine hawajazi kamwe. Wazee wa Kimaasai wa zamani walikuwa wanazing'oa moja moja, na hakuna mtu aliwahi kuwauliza kama ni wanaume.

Turudi kwa mzee.

Agosti 1953 alirudi Kenya, miaka 54, sasa na mke wa nne, Mary. Ametoka tu kushinda tuzo ya Pulitzer na kitabu chake cha mvuvi mzee. Gazeti la Look lilimlipa na likamtuma mpiga picha wake, Earl Theisen. Kumbuka huo ulikuwa wakati gani: hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Mau Mau wako msituni, watalii wamehepa. Serikali ya mkoloni ilitamani jina kubwa lije lionyeshe dunia kwamba Kenya ni shwari. Kwa hivyo alifunguliwa Hifadhi ya Kusini, yaani Kajiado yetu. Askari mkuu wa wanyama wa wilaya alikuwa Denis Zaphiro, wakawa mabeshte, na Hemingway akafanywa askari wa heshima wa wanyamapori. Kambi ya kwanza ilikuwa Salengai. Baadaye wakaenda upande wa Magadi, karibu na Olorgesailie, na mwishowe wakatulia kando ya kinamasi cha Kimana, chini ya Kilimanjaro.

Huko Kimana ndio akili ilianza kucheza. Alinyoa kichwa kipara. Akazamisha nguo zake kwenye rangi ile nyekundu ya udongo ya Wamaasai. Akaanza kuwinda na mkuki. Akajifanya Mkamba, akimfuatafuata msichana wa Kikamba wa pale karibu wakati bibi yake ameenda Nairobi. Wasomi wengine huiita mapenzi ya Afrika. Mimi naona mzungu mwenye bunduki, keroro nyingi na kibali cha serikali, anacheza na maisha ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kumkatalia.

Na fikiria hili. Mwaka huo huo, kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, kulikuwa na vijana ambao nao waliacha nywele na ndevu zimee, juu kwa msitu hakuna kinyozi. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, picha yake yenye nywele ndefu ilisambazwa ndio watu waogope. Ndevu za mmoja zilikuwa za kuuza magazeti. Za mwingine zilikuwa ushahidi.

Januari 1954 ndio ngori yenyewe. Kama zawadi ya Krismasi, Hemingway alimkodishia Mary ndege ndogo aina ya Cessna, rubani Roy Marsh, wakaiona Afrika kutoka juu. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison huko Uganda, rubani alikuwa anakwepa ndege wa angani, akagonga waya wa zamani wa telegrafu, wakaanguka. Mary alivunjika mbavu. Walilala nje usiku huo, ndovu wakiwa karibu. Rubani mwingine aliyepita akaona mabaki tu, hakuona mtu, na ujumbe ukaenda duniani kwamba Hemingway amekufa.

Kesho yake wakapata boti, wakafika Butiaba kwenye Ziwa Albert. Kukawa na ndege ingine tayari kuwatoa. Ikajaribu kupaa, ikaanguka, ikashika moto. Wengine walitoka kwa dirisha. Hemingway alikuwa mkubwa, hakuenea. Mlango umekwama. Akaubonda na kichwa mpaka ukafunguka.

Na kichwa. Hicho hicho kilichoshonwa London. Fuvu likapata ufa, ini na figo zikaumia, uti wa mgongo ukabanwa, uso na mikono ikaungua. Alipofika Nairobi alikaa kitandani akisoma magazeti ya nchi mbalimbali yakieleza alivyokuwa mtu mzuri. Inasemekana alifurahia. Kisha akaenda kambi ya uvuvi Shimoni, Pwani, moto wa nyasi ukazuka, akajaribu kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake. Akaungua tena miguu, midomo, mikono.

Oktoba 1954 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakwenda Stockholm. Mwili ulikuwa umekataa, hotuba ikasomwa na balozi wa Marekani. Kutoka hapo ndevu nyeupe zikabaki kuwa sura yake, na dunia ikazipenda. Zilionekana kama za babu aliyeshinda kila kitu: vita, simba, ndege mbili, moto.

Lakini nyuma ya zile ndevu mzee alikuwa anazama. Kichwa kilichogongwa mara nyingi hakisahau. Alikuwa na maumivu yasiyoisha, pombe haikukatika, usingizi ulikuwa mgumu, akaanza kuamini anafuatwa, na maneno, yale aliyokuwa anayapanga kama fundi, yakakataa kuja. Mbuyu wake alikuwa amejiua mwaka wa 1928, na hilo alilibeba maisha yake yote. Mwisho wa 1960 alilazwa kliniki ya Mayo, Minnesota, chini ya jina la daktari wake ndio watu wasijue. Angalia hapo: mwanamume anayejulikana dunia nzima, anaficha jina juu anatibiwa akili. Alitibiwa kwa mshtuko wa umeme, akaruhusiwa, akarudishwa, akaruhusiwa tena mwisho wa Juni. Tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, alijiua. Zilibaki siku 19 afikishe miaka 62.

Magazeti ya kwanza yalisema ni ajali ya bunduki. Hata maiti ilibidi ionekane ngumu.

Kwetu, mpaka juzi, mtu aliyejaribu kujiua na kushindwa alikuwa anapelekwa kortini. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilisema kipengele hicho cha sheria kinakiuka katiba. Kama kuna msee kwenu ambaye amenyamaza siku hizi, ndevu zimejiachia si kwa mtindo bali kwa sababu haoni haja ya kuamka, usimwambie ajikaze. Kaa na yeye. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Vile vurugu zote za Kimana zilivyoisha, alikuwa ameandika kurasa mamia kuhusu ile kambi na hakuzimaliza. Mwanawe Patrick, aliyeishi Tanganyika miaka mingi, alizipunguza zikatoka kama kitabu, True at First Light, mwaka wa 1999. Toleo refu, Under Kilimanjaro, likafuata 2005. Kinamasi chenyewe bado kipo. Sehemu ni hifadhi ya jamii, sehemu imekuwa mashamba ya nyanya na vitunguu, na ndovu bado wanatoka Amboseli usiku kuja kuyala, na vijana wanakesha na tochi kuwafukuza, kazi ile ile aliyopewa mzee, ila hawa hawana cheo cha heshima.