Mtakatifu Josephine Bakhita: furaha ya mtumwa aliyempata Bwana mwema

Kila tarehe 8 Februari Kanisa Katoliki linamkumbuka Mtakatifu Josephine Bakhita, na tangu mwaka 2015 siku hiyo imekuwa pia ya sala na tafakari dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Wengi wanamfahamu kwa picha tu: mtawa mweusi, uso mpana, tabasamu tulivu. Si wote wanaojua kwamba chini ya vazi lile la kitawa kulikuwa na makovu zaidi ya 100.

Alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, magharibi mwa Sudan, katika kabila la Wadaju. Kwanza alitekwa dada yake mkubwa. Miaka michache baadaye, Bakhita akiwa bado mtoto wa miaka 7 hadi 9, wafanyabiashara ya watumwa wakamkamata naye. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake, na hakulikumbuka tena mpaka kufa. Bakhita ni jina alilopewa na watekaji, maana yake kwa Kiarabu ni mwenye bahati. Ni neno la ukoo mmoja na bahati yetu ya Kiswahili, na kumpa mtoto aliyefungwa minyororo jina kama hilo ilikuwa kejeli iliyo chungu.

Aliuzwa na kununuliwa mara kadhaa. Aliwahi kutoroka na msichana mwenzake, wakakamatwa tena. Mateso makubwa kuliko yote aliyapata katika nyumba ya jemadari wa Kituruki, ambako alichanjwa chale: mwili ulichorwa kwa unga mweupe, kisha wembe ukafuata michoro hiyo, na chumvi ikasuguliwa ndani ya majeraha ili makovu yasifutike.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na makamu wa balozi wa Italia, Callisto Legnani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na bwana asiyempiga. Miaka miwili baadaye, majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, Legnani aliondoka, na Bakhita akamsihi waende pamoja. Alipofika Italia alikabidhiwa kwa familia ya Michieli, karibu na Venice, akawa yaya wa mtoto wao wa kike, Mimmina.

Bibi Michieli aliposafiri kwenda Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kushughulikia hoteli ya familia, aliwaacha Bakhita na Mimmina kwa masista wa Shirika la Canossa mjini Venice. Hapo Bakhita akafundishwa katekisimu. Alikuwa ameyatazama jua, mwezi na nyota tangu utotoni akijiuliza nani mwenye vitu hivi vizuri. Sasa akaambiwa jina lake. Tena akaambiwa jambo ambalo mtumwa hawezi kulisikia kwa wepesi: kwamba Bwana huyo anamfahamu, anampenda, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupigwa mijeledi.

Bibi Michieli akarudi kumchukua. Bakhita, msichana wa miaka 20 hivi, asiye na ndugu hata mmoja katika nchi ile, akakataa kuondoka. Tusilipite jambo hili haraka. Bibi huyo hakuwa mkatili, na Bakhita alimpenda yule mtoto, kwa hiyo kukataa kulimuumiza. Hata hivyo alishikilia neno lake, kwani aliogopa kwamba akiondoka angempoteza Mungu aliyekwisha kumjua. Masista walisimama upande wake, shauri likafika kwa wakuu wa serikali na kwa Patriaki wa Venice, Kardinali Domenico Agostini. Tarehe 29 Novemba 1889 uamuzi ukatoka: sheria ya Italia haitambui utumwa, Bakhita ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akapewa majina ya Josephine Margaret na lile la Fortunata, ambalo ni Bakhita kwa Kilatini.

Aliweka nadhiri zake za kwanza tarehe 8 Desemba 1896. Kuanzia 1902 aliishi katika nyumba ya shirika huko Schio, akiwa mpishi, mtunza sakristia, mtarizi na hatimaye bawabu. Watoto wa mji walimpenda. Watu wazima walimhurumia, naye akawacheka kwa upole: wamhurumie vipi, na hali anaishi nyumbani kwa Bwana? Katika lahaja ya Venice alimwita Mungu kwa neno lile lile linalotumika kwa mwenye mali, bwana wa mtumishi. Hakulikwepa neno lililomtesa, bali alimtafutia mwenyewe halali.

Kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 1931, alizungushwa Italia nzima kutoa ushuhuda kwa ajili ya misioni. Safari hizo zilimchosha, maana wengi walikuja kumtazama kuliko kumsikiliza. Alisema pia kwamba angekutana na waliomteka angewapigia magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa pasipo wao asingekuwa Mkristo. Maneno haya huwakwaza baadhi ya watu, na si ajabu. Lakini hakusema utumwa ni mwema. Aliyasema kama mtu asiyetaka watekaji wake waendelee kuutawala moyo wake.

Uzee ulimletea maradhi na kiti cha magurudumu. Aliyemuuliza hali alijibiwa kwamba yuko kama Bwana apendavyo. Katika siku zake za mwisho homa ilimrudisha Sudan, akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo kwani ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Watu wa Schio walipanga foleni kumuaga, wengi wao wakiwa ni wale ambao utotoni aliwafungulia mlango. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.