Fahrenheit, mtoro aliyewapatanisha wapima joto

Ukienda zahanati ya chuo na homa, unawekewa kipimajoto kwapani. Kikisoma 39, hakuna anayebishana nacho. Miaka 300 iliyopita watu walibishana kweli kweli. Vipimajoto vilikuwepo, tena vingi, lakini kila fundi alikuwa na alama zake. Ukiviweka viwili chumba kimoja, unapata majibu mawili. Aliyepunguza ubishi huo hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa kijana mtoro.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 Danzig, mji unaoitwa leo Gdańsk, huko Polandi. Agosti 1701 baba na mama yake walikufa siku moja kwa kula uyoga wenye sumu. Walezi wakampeleka Amsterdam kujifunza biashara kwa tajiri mmoja, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwa mafundi wa vioo na vyombo vya kupimia. Akaanza kukopa akitegemea urithi wake. Walezi walipochoka na madeni, waliomba akamatwe, apakiwe kwenye meli za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki. Sisi tunaolalamika bumu limechelewa, hebu tumwonee huruma huyu.

Akawa mtu wa njiani. Mwaka 1708 alifika Copenhagen kwa mnajimu Ole Rømer, akamwona akiweka alama kwenye vipimajoto vyake kwa utaratibu maalum, si kwa kukisia. Hilo lilimkaa kichwani. Mwaka 1714 alimpa profesa Christian Wolff wa Halle vipimajoto viwili vya spiriti vilivyosoma sawasawa, na profesa akashangaa mpaka akaandika habari zake. Ndiyo, vitu viwili kukubaliana tu ilikuwa ni habari ya kuandikwa!

Baadaye akahamia kwenye zebaki. Spiriti huchemka mapema kuliko maji, kwa hiyo haifai kupimia vitu vya moto sana. Zebaki huvumilia, hutanuka kwa mpangilio mzuri, na ikisafishwa vizuri haigandi kwenye kioo. Kuisafisha ndiko kulikokuwa ufundi wake. Sifuri yake aliipata kwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi. Barafu na maji peke yake ikawa 32. Na mwili wa mtu mzima wa afya, 96.

Lakini hata yeye alikamatwa. Daktari Herman Boerhaave wa Leiden aligundua kwamba kipimajoto chake cha spiriti na kile cha zebaki havikulingana kabisa. Fahrenheit hakukataa kosa. Alieleza kwamba vioo vya nchi mbalimbali havitanuki sawa. Yaani chombo chenyewe nacho kinasikia joto! Binafsi naona hapo ndipo alipokuwa mwanasayansi hasa.

Mwaka 1721 alikuwa akigandisha maji yaliyofungwa ndani ya vitufe vya kioo visivyo na hewa. Asubuhi maji yalikuwa bado maji, ingawa baridi ilishapita kiwango cha kuganda. Alipovunja ncha ya kioo, barafu ikatokea papo hapo. Mara nyingine alijikwaa akiwa amebeba kitufe, maji yakatikisika, na papo hapo yakajaa vipande vya barafu. (Wanaojaribu kueleza fumbo la Mtanzania Erasto Mpemba, la maji moto kuganda kabla ya baridi, mara nyingine hurudi kwenye tabia hii hii ya maji.)

Kuna jaribio moja silipendi, ila siwezi kuliruka. Boerhaave alitaka kujua viumbe vinastahimili joto kiasi gani, na Fahrenheit akashiriki. Shomoro, paka na mbwa walifungiwa kwenye chumba cha kukaushia sukari chenye nyuzi 146, kama 63 za Selsiasi. Shomoro alikufa ndani ya dakika 7, paka baada ya robo saa na kidogo, mbwa dakika 28. Boerhaave aliamini hewa yenye joto kuliko mwili inaua. Alikosea. Mwaka 1774 Charles Blagden na wenzake London waliingia wenyewe kwenye vyumba vyenye joto kali zaidi wakatoka wazima, kwa sababu jasho likikauka linaupoza mwili. Shomoro hatoi jasho.

Mwaka 1724 Royal Society ya London ilimpokea Fahrenheit kuwa mwanachama. Pesa haikuja na heshima hiyo. Mwaka 1736 alikwenda The Hague kuhangaikia hati miliki ya mashine ya kutoa maji mashambani, akaugua huko, akafa tarehe 16 Septemba akiwa na miaka 50. Alizikwa kwa mazishi ya daraja la nne, ya watu wasio na kitu. Baada yake wengine walirekebisha vipimo, kuchemka kwa maji kukafungwa kwenye 212, na mwili wa mtu mwenye afya ukaondoka kwenye 96 yake ukasogea karibu na 98.