Mwezi Gisabo, mfalme asiyehitaji kutiwa chumvi

WAFALME wanaojulikana zaidi katika mabanda ya video ya Rumonge, na siku hizi kwenye simu za vijana, ni wale wa Misri. Kijana aliyezaliwa katika kambi za wakimbizi za Kigoma anaweza kukusimulia habari za Cleopatra na nyoka wake. Muulize Mwezi Gisabo alikuwa nani, wengi watakuambia ni jina tu walilowahi kulisikia.

Siwalaumu. Shule walizosomea ng'ambo ya ziwa ziliwafundisha Mkwawa na Mirambo, nao ni mashujaa wa kweli. Lakini wamerudi nyumbani, na nyumbani kuna historia yake.

Mwaka 2023 kampuni ya Netflix ilionyesha mfululizo wa Cleopatra, na mwigizaji Adele James akacheza kama malkia huyo. Wamisri wengi walikasirika, hata wizara yao ya mambo ya kale ikatoa tamko kupinga jinsi sura yake ilivyoonyeshwa, ikisisitiza kuwa ukoo wake ulitoka Makedonia. Waliotetea kipindi walisema sanaa ina uhuru wake. Siku tamthilia ya Mwezi itakapotengenezwa, mabishano ya aina hiyo yatatufikia na sisi. Basi ni heri tuyajue maisha yake mapema.

Mwezi alikuwa mwana wa Ntare Rugamba, mfalme aliyeipanua Burundi kwa vita. Ntare alifariki katikati ya karne ya 19, mrithi akiwa bado mtoto. Kaka yake mkubwa, Ndivyariye, akashika madaraka kwa niaba yake. Mtoto alipokua, kaka hakutaka kuachia. Wakapigana, na Mwezi akashinda. Chuki kati ya matawi ya ukoo huo haikuisha hapo, wajukuu waliirithi.

Boma lake lilikuwa milimani, pande za Muramvya. Masimulizi ya wazee yanasema mfalme alikuwa na mwiko wa kutoliona ziwa Tanganyika. Huku kwetu mwambaoni, kwa hiyo, alijulikana kwa sifa na hofu kuliko kwa sura.

Na mwambao ulikuwa na moto wake. Mwaka 1879 wamisionari wa Kanisa Katoliki, wale White Fathers, walifungua kituo hapa Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa. Mtunzi wa filamu atashawishika kumwonyesha Mwezi akitoa amri ya mauaji hayo. Itapendeza machoni, lakini haitakuwa kweli. Chanzo kilikuwa ugomvi na watu wa hapa hapa ufukweni.

Miaka hiyo hiyo Mohamed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alikuwa na nguvu kutoka Ujiji. Watu wake walivuka na bunduki, wakateka watumwa na kujaribu kupanda milimani. Majeshi ya Mwezi, yenye mikuki na pinde, yaliwarudisha nyuma. Hapa sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kuwa wakweli. Tamthilia isiyomwonyesha Rumaliza itakuwa imeficha jambo. Lakini ikimfanya kila Mswahili wa mwambaoni kuwa mwizi wa watu, itakuwa imewasahau wavuvi, wauza chumvi na wauza mawese, na itawapa wenye chuki neno jipya la kututupia sokoni.

Kisha wakaja Wajerumani. Walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na mwaka 1899 wakaanza kumshambulia mfalme aliyekataa kuinama. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alipanda na askari na mizinga. Ndiye yule ambaye mwaka mmoja kabla alimpiga risasi sokwe wa milimani kwenye mlima Sabinyo, na hadi leo jina lake limo katika jina la kisayansi la mnyama huyo.

Von Beringe hakuwa peke yake. Aliongozana na Warundi, wakiwemo Kilima na Maconco. Maconco alikuwa mkwe wa Mwezi, na husimuliwa kwamba walikosana kwa sababu ya mbwa wa kuwinda. Kisa cha mbwa kitaigizwa tu, maana ni kitamu. Ila msingi wa ugomvi ulikuwa utawala na ardhi, na mbwa asitumike kuufunika.

Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi alisalimu amri. Alitozwa ng'ombe 424, na nchi yake ikamegwa kwa ajili ya wapinzani wake.

Filamu nyingi za wafalme zingebadilisha hapo. Zingemwonyesha akishinda, au akifa na mkuki mkononi. Mimi naona huko ni kumwibia ushindi wake halisi. Mwezi alishindwa, akaishi, akasubiri. Wakubwa wa von Beringe hawakufurahishwa na vita vyake. Wakaona ni rahisi kutawala kupitia mfalme kuliko kupitia waasi. Kufikia mwaka 1905 Wajerumani walikuwa wamemtambua Mwezi kuwa mtawala wa Burundi, na mwaka huo huo Maconco akauawa na Wajerumani wale wale aliowaongoza njia.

Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908, baada ya kukaa kwenye kiti kwa zaidi ya miaka 50. Mwanawe Mutaga akamrithi. Mjukuu wake alikuwa Mwambutsa, na kitukuu chake ni Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 1961. Ufalme wenyewe ulifutwa Novemba 1966.

Msomaji mwenzangu uliyerudi, ukikuta shamba lako lina mtu mwingine, unajua uchungu wa hadithi kusimuliwa na asiyekuwepo. Unajua pia kwamba kusalimu amri leo ili uwe hai kesho si woga. Watoto wetu wanahitaji kumwona mfalme wa aina hiyo. Watunzi waweke ngoma, mvua na machozi kadiri wapendavyo, lakini Kiganda waiache kama ilivyokuwa.