Mwalimu Bila Mshahara

Mfanyakazi ajuaye uchungu wa kazi isiyo na ujira atamwelewa Emmy Noether, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1882. Alifanya kazi ya hisabati chuoni Erlangen miaka saba bila malipo. Huko Göttingen, tangu 1915, masomo yake yalitangazwa kwa jina la Profesa Hilbert, maana wakubwa walikataa mwalimu mwanamke. Mshahara, nao haba, aliupata 1923. Hata hivyo wanafunzi walimzunguka kama wana wa nyumba moja, naye akiwagawia fikira zake za aljebra bila choyo. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimfukuza, kosa lake kuzaliwa Myahudi. Akaendelea kuwafundisha nyumbani kwake. Na kijana mmoja alipokuja amevaa sare ya Wanazi, alimkaribisha. Hilo latushangaza kuliko hesabu zake zote. Alifariki Marekani mwaka 1935.