Elijah Masinde: Mfungwa Asiyeacha Kitabu

Lamu imezoea wageni: wafanyabiashara, wanafunzi wa dini, na umati wa watu wanaokuja kwa Maulidi. Lakini zama za mkoloni kisiwa hicho kilipokea pia wageni ambao hawakuja kwa hiari yao. Mmoja wao alikuwa Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili, Bungoma, aliyeletwa mwaka 1948 akiwa chini ya ulinzi.

Masinde alizaliwa yapata mwaka 1910, chini ya Mlima Elgon. Katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye alikuwa tarishi wa korti ya wenyeji, kazi yake kupeleka samansi. Kanisa la Wakweka, lililomlea, lilimsimamisha alipooa mke wa pili.

Siku hizo ardhi nzuri ya Trans Nzoia ilikuwa mikononi mwa walowezi. Mji wao ulikuwa Kitale, ambako leo uko mtaa wa Tuwan, na Wabukusu wengi walifanya kazi mashambani mwao kwa ujira mdogo. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, serikali ilianza kuwachukua watu kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba hayo. Masinde akakataa. Akawataka watu wake wawafukuze Wazungu na warudie mila za wazee, na wafuasi wake wakajulikana kwa jina la Dini ya Msambwa. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, Nairobi, hospitali ya wenye maradhi ya akili. Mtu aliyedai ardhi ya baba zake aliandikwa kuwa mwendawazimu.

Alipotoka, mwaka 1947, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa watu huko Malakisi, wakafa 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu. Hakuwa huru tena mpaka mwaka 1961.

Ng'ambo ya mkondo, katika kisiwa cha Manda, kulikuwa na kambi ya Takwa. Humo Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu aliyekamatwa mwaka 1952, aliandika kwa siri habari za kizuizi chake. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma. Hivyo mambo ya Takwa tunayapata kwa kalamu ya aliyeyaonja.

Masinde hakuacha kitabu. Karatasi zinazomtaja kwa wingi ziliandikwa na polisi, madaktari na mabwana shauri, yaani wale wale waliomfunga. Upande wake umebaki vinywani mwa watu wa Bungoma na Kitale, katika nyimbo na masimulizi ya jioni. Huko wengine humwita nabii, na karama nyingi zimeongezwa juu ya jina lake. Lakini masimulizi hayo yamehifadhi jambo ambalo sherehe za taifa hupenda kulipita kimya: kwamba uhuru wa 1963 haukumfungulia mlango wa jela kwa daima. Dini yake ilipigwa marufuku tena mwaka 1968, na yeye mwenyewe akarudi kifungoni chini ya serikali ya wananchi. Alifariki mwaka 1987.

Miaka yake ya Lamu ndiyo isiyosimuliwa sana kwao, kwa kuwa waliomwona huko walikuwa watu wa pwani. Waliokuwa watoto siku hizo leo ni wazee, na kila mwaka idadi yao inapungua. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani na akae naye, amwulize, kisha aandike. Mfungwa hakuandika, basi yasipotee na yale waliyoyaona majirani zake.