Siku ya 17: Uthman bin Affan (r.a.), mkwe aliyefiwa akanyamaza



Leo ni 17 Ramadhani, siku ya Badr. Kila mwaka tunawataja waliokwenda vitani. Leo tumtaje mmoja aliyebaki Madina, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Hakubaki kwa uoga. Mkewe, Bi Ruqayya, alikuwa mgonjwa sana, na baba mkwe wake, Mtume Muhammad (s.a.w.), ndiye aliyemtaka abaki amuuguze. Akamhesabia thawabu na fungu la ngawira kama mtu aliyepigana.

Bi Ruqayya akafariki Ramadhani hiyo hiyo, mwaka wa 2 Hijria. Zayd bin Haritha alipofika Madina na habari za ushindi, watu walikuwa ndio wanasawazisha udongo juu ya kaburi lake.

Wawili hao walikuwa wametoka mbali. Makka ilipowabana Waislamu, walivuka bahari pamoja wakaja Habasha, huku kwetu Afrika, na mtoto wao Abdallah akazaliwa hukohuko. Sasa mke ameondoka. Imesimuliwa kwamba kilichozidi kumuumiza Uthman ni kuona kama ukwe wake na Mtume umekatika. Mtume hakuuacha ukatike. Mwaka wa 3 Hijria akamwoza binti yake mwingine, Bi Ummu Kulthum. Ndiyo maana tunamwita Dhun-Nurayn, Mwenye Nuru Mbili.

Mwaka wa 9 Hijria Bi Ummu Kulthum naye akafariki. Imepokewa kwamba Mtume alikaa pembeni ya kaburi la binti yake huku machozi yakimtoka, na kwamba alisema lau angekuwa na binti mwingine asiye na mume, angemwoza Uthman. Hebu fikirini, jamani. Mabinti wawili wamezikwa, na bado mkwe ni mwana wa nyumbani.

Kisha ukaja msiba mkubwa, Rabiul Awwal mwaka wa 11 Hijria. Mtume (s.a.w.) akafariki. Madina nzima ilitikisika. Sayyidna Uthman yeye alinyamaza.

Imesimuliwa kwamba siku hizo alikuwa amekaa, Sayyidna Umar akapita akamtolea salamu. Uthman hakuitikia. Umar akaona amedharauliwa, akaenda kumshitakia Sayyidna Abubakar. Wakaja wote wawili, wakamuuliza kwa nini hakurudisha salamu ya ndugu yake. Uthman akashangaa, akasema hakufanya hivyo. Umar akashikilia kwamba alifanya, tena akaona ni kiburi cha ukoo wa Bani Umayya. Uthman akaapa kwamba hakumwona akipita wala hakumsikia.

Abubakar akamsadiki. Akatambua kuna jambo limemshughulisha, akamuuliza ni lipi. Hapo Uthman akafunguka: Mtume ameondoka na yeye hakuwahi kumuuliza njia ya kuokoka. Abubakar akamwambia kwamba yeye aliuliza, na jibu ni lile neno la shahada ambalo Mtume alimwombea ami yake alitamke, akakataa. Uthman akapata cha kushika.

Ndugu zangu, hapa ndipo pa kutafakari. Kwetu akifa mzee, pole zinakwenda kwa watoto wake. Mkwe utamkuta anahangaika na turubai, kuni, usafiri wa kwenda makaburini. Hakuna anayemuuliza ana hali gani. Akikaa kimya, anaambiwa ana maringo. Asipolia, watu wanasema si baba yake yule. Kumbe pengine yule mzee ndiye aliyempa binti yake siku ambayo hana kitu, akamwita mwanangu. Kwenye Suratul Furqan, Allah ametaja nasaba na ukwe kwa pamoja. Basi tusiufanye ukwe kuwa udugu wa siku ya harusi tu.

Umar alikuwa mtu mwema, na bado alidhani vibaya. Abubakar aliuliza. Tofauti yao siku ile ilikuwa swali moja tu.

Sayyidna Uthman aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikuwa khalifa kuanzia mwaka wa 23 mpaka 35 Hijria. Pete ya Mtume, iliyopita kwa Abubakar na Umar, ikawa mkononi mwake. Siku moja amekaa kwenye kisima cha Aris, ikamponyoka ikatumbukia. Waliitafuta siku 3, maji yakatekwa yote, haikuonekana.

Mwisho wake mnaujua. Waasi waliizingira nyumba yake, wakamzuilia maji. Imesimuliwa kwamba alimwota Mtume akiwa na Abubakar na Umar, akimtaka aje afuturu nao. Akaamka akafunga. Siku hiyo, Ijumaa ya 18 Dhulhijja mwaka wa 35, aliuawa akiwa na saumu yake, Msahafu uko mbele yake.

Miaka 24 baada ya kufiwa na baba mkwe wake, futari aliyoitarajia ni ya kwake.

*Kazi ya leo:* Jioni, kabla hujatia tende mdomoni, mtaje baba mkwe wako aliyetangulia kwa jina lake, umwombee. Mama mkwe kama yuko hai, mpigie simu, au mpelekee mkungu wa ndizi. Kama mzee ameacha deni, kaeni na shemeji zako mlilipe. Na kama kuna mkwe kwenye msiba uliopita hapo jirani, mpe pole yake. Muulize ana hali gani, kisha umsikilize.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu waliotuzaa na waliotuoza. Yafanye makaburi yao kuwa bustani katika bustani za Peponi. Utukutanishe nao kwenye futari isiyo na kuagana. Amin.

Ramadhan Karim. Mtumie na mwenzako.