Sayyid Said na Pemba ya zao moja

Kila msimu wa karafuu, nikipita Tibirinzi hapa Chake Chake nikayaona majamvi yameanikwa na harufu imetanda mtaa mzima, humkumbuka mtu aliyefariki mwaka 1856, Sayyid Said bin Sultan.

Alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika utawala 1806 angali kijana mbichi. Alipofika Unguja 1828 aliona kuwa bandari ile ni mali. Akakusanya pale biashara za kila namna: pembe za ndovu na sandarusi kutoka bara, Wahindi wa kukopesha mitaji na kukodi forodha, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Mwaka 1833 akafunga mkataba na Marekani, na ndio hao waliotuletea ile nguo tuliyoiita merikani. Wakafuata Waingereza 1839 na Wafaransa 1844. Bidhaa moja ikishuka bei, nyingine inabeba. Hiyo ndiyo Unguja mjini.

Na Pemba je? Kisiwa hiki alikitwaa kwa Wamazrui wa Mombasa miaka ya mwanzo ya 1820, na wakati huo tulikuwa tukiilisha Mombasa kwa mpunga wetu. Kisha ikaja karafuu. Sayyid aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Jasho lililoilea mikarafuu hiyo ni la watumwa, na hilo tusilifumbie macho eti kwa kuwa mtawala ni Muislamu mwenzetu.

Karafuu zikazidi, bei ikaporomoka yeye angali hai. Akajaribu miwa na nili, hakufika mbali. Akafia baharini akirejea kutoka Oman.

Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, yetu ikasalimika. Tukaiona bahati! Kumbe ndio tumejifunga. Unguja ilikuwa na bandari ya kuegemea, sisi tulikuwa na mti. Miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa sigara zake, ikawa inajitosheleza kwa kulima zake. Nakumbuka msimu mmoja marehemu baba aliziacha zikachanua mtini, maana ujira wa wachumaji ulishinda bei.

Pale Wawi, jirani tu na hapa, kipo kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo. Hebu tujiulize, baada ya miaka yote hiyo, vingine viko wapi? Wengi niliosoma nao wako Dar es Salaam na Maskati.